Mfuaji wa Vitambaa vya Altare

Kila Jumamosi, saa nne asubuhi, alivua kandambili zake chini ya kidato cha kwanza cha ngazi ya altare, akazipanga zikitazama mlango, kisha akapanda altareni peku. Hakuzipanga vile kwa bahati. Alisema ukiingia kwa mwenyewe, viatu vyako viwe tayari kuondoka, usije ukajisahau ukadhani umefika kwako. Sisi tuliomsaidia usafi tulivua viatu hovyo, kimoja huku kingine kule, naye alipita nyuma yetu akivipanga na kuguna. Parokia nzima tulimwita Mama wa Altare, na wapo watoto waliokua hadi wakaolewa bila kujua kwamba ana jina jingine.

Kwa miaka zaidi ya thelathini alifagia, alifua, alipiga pasi na kutandika kila kitu katika lile eneo la mbele tunaloliita patakatifu, kuanzia kizuizi cha mbao za mninga hadi ukuta wa nyuma ya tabernakulo, kile kisanduku kinachohifadhi Hostia, mkate wa komunyo. Na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwona akipokea komunyo. Jumapili watu walipoinuka benchi kwa benchi kwenda mbele, yeye alisogeza magoti pembeni tupite, halafu akabaki ameketi, benchi la tatu kutoka nyuma, akitazama kitambaa alichokinyoosha kwa mikono yake. Alifika mahali ambapo sisi hatukuruhusiwa kufika, na hakufika mahali ambapo sisi sote tulifika. Hakuna aliyeuliza sababu kwa kuwa kila mtu aliijua. Ndoa yake haikuwa imebarikiwa kanisani. Mume wake alimwoa kimila, kwa ng'ombe, na baadaye akaoa mke mwingine kule Bukene.

Nimeona nilitangulize hilo, maana kumweleza Mama wa Altare bila kulitaja ni kusimulia harusi bila bibi harusi.

Kazi iliyomlisha ilikuwa pasi. Alikuwa na kibanda mtaa wa Ng'ambo, chenye meza mbili na jiko la mkaa. Kwenye meza ya kwanza alinyoosha nguo za mji mzima: sare za shule, suruali za makarani, kanzu za Ijumaa. Meza ya pili ilitandikwa shuka jeupe, na juu yake hakikuwekwa kitu isipokuwa vitambaa vya kanisa. Siku moja mwenye duka jirani, mtu wa haraka zake, aliitupa kanzu yake juu ya meza ile ya pili. Mama hakumfokea. Aliiondoa kanzu polepole, akaling'oa lile shuka, akalitia kwenye maji. Yule baba akauliza kulikoni. Mama akamuuliza kama yeye huingia msikitini na viatu. Mwenye duka alicheka sana, na tangu siku hiyo alileta kanzu zake mwenyewe na kuziweka mahali pake, tena akawa anawakemea wateja wengine waliokosea meza.

Parokia iliwahi kumnunulia pasi ya umeme, nzuri, yenye kutoa mvuke. Alishukuru kwa heshima zote. Nilipomtembelea wiki iliyofuata niliikuta imewekwa chini ikizuia mlango usifungwe na upepo. Alisema pasi ya umeme haina akili, inaunguza bila kutoa taarifa, wakati mkaa unakuonya kwa harufu. Sikumkumbusha kwamba ni mkaa huohuo uliowahi kurusha cheche na kutoboa kitambaa kikubwa cha altare siku moja kabla ya sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia. Tundu lile alilishonea msalaba mdogo mwekundu, na kwa kuwa msalaba mmoja ulionekana kama kiraka, akashona mingine kumi na moja ili ufanane na pambo. Watu wakasifu sana, na yeye akazipokea sifa bila kupepesa macho. Usione vyaelea, vimeundwa.

Patakatifu palikuwa na sheria, na nyingine kati ya hizo nadhani alizitunga mwenyewe. Ufagio ulianzia altareni kwenda nje, kamwe si kinyume chake, kwa sababu uchafu hauelekezwi altareni. Ndoo haikuvuka kidato cha pili. Mtu hakukatiza kati ya altare na tabernakulo kama anayekatiza sokoni. Alisimama, akainama, akapita. Maua ya plastiki yaliishia kwenye kizuizi. Alisema Mungu anajua kutofautisha. Aliyekuja na spika za kwaya akizitafutia nafasi karibu na kiti cha padre alirudishwa na spika zake.

Wapiga picha wa harusi ndio waliomjua vizuri. Siku ya ndoa ya binti wa dada yangu, kijana mmoja wa kamera, kutoka Dar, alipanda vidato vyote vitatu na kwenda kujibanza nyuma ya altare ili awapate maharusi kwa mbele. Mama wa Altare akaondoka kwenye benchi lake, akavua kandambili, akapanda, akasimama mbele ya kamera akiwa amekunja mikono. Hakuondoka. Mpaka leo katika albamu ya harusi ile, pale wanapovishana pete, yupo bibi mwenye kilemba cha kitenge kati ya bwana na bibi harusi. Nilimnunia mwezi mzima. Yeye alinisalimia kila siku kama kawaida, na mimi mwishowe nikaona aibu kuendelea kununa peke yangu.

Usidhani basi kwamba alikuwa mtawa. Alivuta ugoro. Alikuwa nao kwenye kikopo kidogo alichokifunga kwenye pindo la khanga, na akishamaliza kutandika altare aliingia sakristia, chumba cha padre cha kuvalia, akavuta, akapiga chafya tatu nzitonzito zilizosikika hadi kwenye mimbari. Mdomo wake haukuwa na pazia akianza kuzungumzia wanaume wa mtaani kwake Isevya, na mambo aliyoyasema kuhusu wazee fulani wa baraza siwezi kuyaandika hapa kwa kuwa baadhi yao bado wanasoma vizuri. Na huyo huyo aliyemrudisha mtu na spika zake aliwaacha mbayuwayu wajenge kiota juu kabisa ya altare. Kila asubuhi alifuta uchafu wao bila kunung'unika. Nilipomwambia fundi angeweza kukitoa kile kiota kwa dakika mbili, alinitazama kana kwamba nimependekeza tumtoe padre.

Kuna desturi moja ya kazi yake iliyomletea matatizo. Vile vitambaa vidogo vya kupangusia kikombe baada ya komunyo haviendi moja kwa moja kwenye sabuni. Huloweshwa kwanza, na yale maji ya kwanza hayamwagwi kwenye mfereji, kwa sababu huenda yana chembe za Mwili na Damu. Humwagwa kwenye udongo, mahali pasipokanyagwa. Yeye alikuwa na beseni lake la peke yake, na nyuma ya sakristia alizungushia mawe kijisehemu cha ardhi ambacho hata kuku walikiheshimu, au walimheshimu yeye. Sasa ikazuka habari kwamba maji yale hayafiki kwenye udongo. Mama mmoja alidai alimwona ameinamia beseni akinywa. Lisemwalo lipo, watu wakasema, na wakaongeza chumvi: huyu amenyimwa komunyo mbele, anajihudumia nyuma.

Neno likafika kwenye kamati ya parokia, na mimi, mwalimu wa shule, nilikuwa katibu. Tulimwita. Paroko wa wakati ule, mzee mpole aliyechukia kesi, akazunguka sana kabla ya kufika kwenye swali. Mama alimsubiri mpaka alipomaliza.

"Padre," akasema, "ningekuwa mwizi, ufunguo wa tabernakulo najua unakaa wapi."

Katika kumbukumbu za kikao niliandika kwamba hoja ilijadiliwa na kufungwa. Sikuandika kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeiamini nusu, na kwamba nilikuwa nimeirudia kwa watu wawili. Ninaiandika leo.

Baada ya kikao kile nilikwenda kibandani kwake kujisafisha. Sikuomba radhi, nilijifanya nimepita tu. Nikamuuliza anawezaje kushika vitambaa vile kila wiki, miaka nenda miaka rudi, na asipokee kinachowekwa juu yavyo. Alikuwa akinyunyizia maji meza ya pili. Akasema babu zetu wa hapa walibeba mizigo ya watu hadi pwani, na mpagazi hakuuliza kama kilichomo ni chake. Nikafurahi, nikaona jibu zuri, la kwenda kuwasimulia wengine. Yeye akaweka pasi chini.

"Lakini natamani, mwalimu. Usije ukadhani nimezoea."

Mume wake nilimjua vizuri. Alikuwa mstaafu wa reli, mcheshi, mtu wa kofia. Nusu ya mwezi alikuwa Isevya kwa bi mkubwa, nusu ya pili Bukene kwa bi mdogo, na aliyafuata mapito hayo kwa uaminifu kuliko treni yenyewe. Mapadre walipokezana kumshawishi abariki ndoa. Wote aliwakaribisha chai, na wote aliwapa jibu moja, kwamba alimwoa mwanamke huyu mbele ya baba yake, ng'ombe wakiwa zizini, je, amwoe mara ngapi? Kuhusu yule wa Bukene alisema naye si mbuzi wa kurudishwa mnadani.

Kisha akapata kiharusi kidogo kilichompinda mdomo, akaogopa. Alikuja ofisini kwa paroko akiegemea fimbo, na akasema amekubali. Atamwacha mke wa Bukene, atawatunza watoto, atafunga ndoa na bi mkubwa kanisani. Paroko alikuwa mpya, kijana, alikaribia kumkumbatia. Matangazo ya ndoa yakaandikwa, yakasomwa mara ya kwanza. Sisi akina mama tukachagua kitenge cha sare. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo hata kwenye ndoa yangu mwenyewe.

Jumatatu yake Mama wa Altare alipanda treni ya Mwanza kwenda Bukene. Hakumwambia mtu. Alirudi Jumatano, akaja moja kwa moja ofisini na vumbi la safari miguuni. Mimi nilikuwa pale nikipanga kadi za ubatizo, na hakuna aliyenitoa.

Alimwomba paroko asimamishe yale matangazo. Akaeleza kwa utulivu kwamba alifikia kwa mke mwenzake, akachinjiwa kuku, akapewa kitanda, na mwenyeji akalala chini na watoto. Watoto sita. Wazazi wa mwanamke yule wamekufa, kaka hana. Paroko akamweleza kwa upole kwamba watoto wataendelea kutunzwa, hilo litaandikwa na kusimamiwa.

"Watoto watapata unga, sawa," Mama akasema. "Na yeye atakuwa nani pale Bukene? Nimtoe mtu nyumbani kwake ili mimi niende mezani? Nitameza nini, Padre?"

Mama akaaga, maana ilikuwa siku ya kuloweka vitambaa.

Nilimkasirikia. Niliona ni kiburi kilichovaa nguo za huruma. Nilimfuata hadi kwenye mawe yake nyuma ya sakristia, nikamwambia kwamba Mungu alimfungulia mlango na yeye ameusukuma kwa mguu. Akaniambia huenda. Akasema yeye ni mtu wa pasi, hajui teolojia, anajua tu kwamba nguo moja hainyooshwi kwa kuikunja nyingine. Kitenge cha sare tulikigawana, kila mtu akashona alivyotaka. Changu nilikivaa sana jikoni.

Miaka kumi na miwili ikapita hivyo. Mzee akafariki mwaka juzi, Isevya, na wake zake wawili wakakaa matanga kwenye mkeka mmoja. Baada ya arobaini, paroko alimwita Mama akamwambia jambo ambalo sote tulikwisha kulihesabu vidoleni: sasa ni mjane, hakuna kizuizi tena. Aungame, apokee. Jumapili iliyofuata kanisa zima halikusali, lilikuwa linamtazama. Benchi letu likainuka. Mama wa Altare akasogeza magoti pembeni tupite.

Nilisubiri Misa iishe, kwa shida. Nje nilimshika mkono nikamuuliza anataka nini tena. Akanieleza kwamba mke mwenzake amejiandikisha ukatekumeni, mafundisho ya ubatizo, kule Bukene. Aliutaka ubatizo tangu zamani, akakataliwa kwa kuwa alikuwa mke wa pili. Sasa naye ni mjane, amekubaliwa, atabatizwa Pasaka ya mwaka wa pili.

"Tulizuiliwa pamoja," akasema. "Tutaingia pamoja."

Nikamwambia mwaka wa pili ni mbali. Alikuwa tayari na kikohozi kile kikavu, na miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Daktari alisema ni moyo. Mwaka jana, mvua zilipoanza, hakuweza tena kupanda vidato. Aliketi benchi la mbele kabisa, akawaelekeza waliochukua kazi yake kwa kidole, na kidole kile kilikuwa kikali kuliko ufagio. Upande wa kushoto wa kitambaa umezidi. Huyo hakuinama. Ndoo, ndoo. Siku moja aliomba tumwache peke yake pale mbele, tukamwacha, na nilipochungulia nilimkuta analia huku akitazama juu, kimya, bila kufuta machozi. Mwezi wa kumi na mbili hakutoka tena nyumbani.

Alhamisi moja ya Januari paroko alikwenda kwake, akamuungamisha, akampaka mafuta ya wagonjwa. Alipofungua kichombo cha Hostia, Mama alifumba midomo na kutikisa kichwa. Paroko alirudi akiwa amechanganyikiwa. Jumapili, kwa kuwa alikuwa anakwenda kusalisha vigangoni, kwenye makanisa madogo ya vijijini, alinikabidhi mimi kile kichombo. Siku hizi mimi ni mhudumu wa komunyo, napeleka kwa wagonjwa. Aliniambia tu, "Mwalimu, wewe mnaelewana." Sikuwa na hakika.

Nilitembea hadi Isevya kwenye manyunyu, kichombo kikiwa shingoni ndani ya nguo. Mlango ulikuwa wazi. Mke mwenzake alikuwa amefika jana yake kutoka Bukene. Mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye mikono ya kulima mpunga, ameketi ukingoni mwa kitanda akipoza uji kwa kijiko. Nilimfahamu tangu matangani. Nikamwamkia mgonjwa shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya kuvuta. Meza ndogo ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe chenye mikunjo miwili iliyonyooka, na mshumaa. Nikajua kwamba hata hapo alilazimisha pasi iletwe kitandani. Nikawasha mshumaa, nikaweka kichombo juu ya kitambaa, nikapiga goti. Kisha nikamwambia kilichonileta, ingawa alikijua.

"Bado miezi mitatu," akasema. "Pasaka."

Nilikuwa na hotuba. Niliipanga njiani kote, ilikuwa na hoja nne. Sikuipata hata moja. Kilichonitoka ni kwamba, mama, miezi mitatu huna. Nilipoisikia sauti yangu nikainamisha kichwa.

Mke mwenzake akaweka bakuli chini. Alianza kusema Kinyamwezi, akaacha, akageukia Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie.

"Dada. Siku ile ulipoteremka kwenye treni pale Bukene, mimi nilijua umekuja kunitoa. Habari zilishafika. Nguo za watoto nilikuwa nimeshazifunga furushi, liko nyuma ya mlango. Nikakuchinjia kuku ili unitoe kwa wema."

Mama wa Altare alimtazama.

"Asubuhi ukaliona lile furushi. Ukalifungua mwenyewe, ukazitoa nguo moja moja, ukazikunja upya, ukazirudisha kwenye sanduku. Ukaenda kupanda treni." Akamfunika miguu kwa shuka. "Umeniketisha kwangu miaka yote hii, dada. Leo mimi ndiye ninakuambia nenda. Usiningoje mlangoni. Nitakuja."

Mvua iligonga bati kidogo ikaacha. Nilitazama kitambaa kwa kuwa sikuweza kuwatazama wao. Miaka yote ile nilidhani ninayajua yaliyotokea Bukene, na kumbe nilijua kuku na kitanda tu. Kifua cha Mama wa Altare kilipanda na kushuka kwa shida.

"Niinue," akamwambia mwenzake. "Sipokei nimelala."

Yule mama akapanda kitandani, akapita nyuma yake, akamwegemeza kifuani kwake na kumzungushia mikono yote miwili ili asiporomoke. Kidevu chake kikawa juu ya bega la mgonjwa. Nikainua Hostia, na mbele yangu zikawa nyuso mbili, moja kando ya nyingine, zote zikinitazama.

"Mwili wa Kristo," nikasema.

"Amina," wakaitika wote wawili, na Mama wa Altare akafungua kinywa.